Robo ya Mzunguko

Kufungua kabureta ya pikipiki hakuhitaji ufundi mkubwa. Kijana yeyote mwenye bisibisi na hasira kidogo anaimaliza kwa dakika kumi, vikorokoro vyote vikawa vimelala juu ya gunia vinamtazama. Kazi ni kuvirudisha. Vijiweni nimeona kabureta nyingi zikifunguliwa, na nyingi zikifungwa na mikono yenye haraka ya kumuwahi mteja anayefuata, lakini mtu ninayeweza kuvuta kigoda nikamtazama mpaka skrubu ya mwisho ni mmoja tu: mzee jirani yangu hapa Mbeya, mstaafu wa TAZARA. Hana kibao wala kijiwe. Anafanyia kazi uani kwake, juu ya sinia la bati, na pikipiki yenyewe ni ya mkataba, ya mjukuu wake anayeendesha bodaboda. Ikilala, hesabu ya bosi hailali.

Cha kuchekesha ni kwamba maisha yake yote ya ajira mzee huyu hakugusa kabureta. Alikuwa fundi wa injini za treni, na zile ni dizeli. Dizeli husukumwa kwa pampu na kunyunyizwa na nozeli huko huko ndani, haikutanishwi na hewa nje ya injini. Kabureta amejifunza uzeeni, baada ya kuchoka kumwona mjukuu akiacha kwa mafundi pesa iliyotakiwa kwenda kwenye mkataba. Alichotoka nacho relini ni adabu ya kazi. Hakimbizwi na mtu. Haweki chuma juu ya chuma kabla ya kukifuta. Na hakuna kitu kinachotua kwenye sinia lake kisiwe na mahali pake.

Pikipiki ni ile inayojulikana na kila mtu, ya Kichina, cc 125, ya ukoo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Honda waliiunda makusudi kwa ajili ya nchi ambazo mwenye pikipiki hana muda wala pesa za servisi ya mara kwa mara, ndiyo maana walikubali kurudi kwenye fito za kusukuma valvu, teknolojia ya kizamani lakini yenye uvumilivu. Wachina walipoiga, waliiga uvumilivu huo, na ndio unaobeba magunia ya viazi kutoka milima ya Uporoto mpaka leo. Kabureta yake imeandikwa ubavuni PZ27. Mwili wake ni wa aloi laini iliyomiminwa, jeti ni za shaba, boya ni la plastiki, na kila kimoja kati ya hivyo kinaharibika kwa namna yake ukikishika vibaya.

Kabla ya kuusifu mkono, tuseme kwanza kifaa kinafanya nini, maana wengi wetu tunapiga kiki kila asubuhi bila kukifikiria. Petroli, ili iungue vizuri, inataka hewa yenye uzito wa takriban mara 14.7 ya uzito wake. Ukipima kwa ujazo, lita moja ya petroli inakula kiasi cha lita 9,000 za hewa ya pwani. Injini ya cc 125 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta pumzi mara 50 kila sekunde, na hata ukiifungulia mafuta yote, kila pumzi inatakiwa ipewe petroli isiyotimia hata tone moja. Mgawaji ni hicho kipande cha aloi kinachoenea kiganjani, kisicho na umeme, kompyuta wala pampu.

Kinategemea jambo moja: hewa ikipita mahali pembamba huongeza kasi, na kani yake ya kusukuma pembeni hupungua. Daniel Bernoulli aliliandika hilo mwaka 1738, Giovanni Battista Venturi akalichunguza kwenye mabomba yaliyobanwa katikati na kuchapisha matokeo yake mwaka 1797, na karibu miaka mia moja baadaye watu wa injini wakalivamia. Mwaka 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walipeleka ombi la hataza ya kabureta ya kunyunyiza, na Wilhelm Maybach wa Ujerumani alikuwa na ya kwake wakati huohuo. Huko Budapest husimuliwa kwamba wazo liliwajia walipomwona msichana muuza maua akiyapulizia maua yake maji. Hadithi hiyo ni tamu kupita kiasi, na mimi huiweka kwenye kapu la hadithi, lakini kanuni yenyewe anaijua yeyote aliyewahi kushika bomba la mkono la dawa ya mbu: unasukuma hewa juu ya mdomo wa mrija, dawa inapanda yenyewe.

Kwenye sinia la mzee vipande vimepangwa kuanzia kushoto kwa utaratibu vilivyotoka. Kufunga, basi, ni kulisoma sinia kutoka kulia. Suala la usafi nitalipita haraka, kwa kuwa ni uvumilivu tu: petroli kidogo kwenye kopo, mswaki uliostaafu, kitambaa kisichoacha nyuzi, na pampu ya baiskeli ya kupuliza njia za ndani. Tope la kahawia lililokuwa chini ya kikombe limeshamwagwa, na maji yaliyokuwamo pia. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kabisa, palepale jeti inaponywea. Ndiyo maana pikipiki inaweza kunguruma vizuri nyumbani halafu ikazima mlimani kikombe kinapotikiswa. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wanaochanganya petroli na mafuta ya taa, na vituoni mambo yana afadhali. Chupa ya kando ya barabara haina wa kuipima, na bodaboda aliyeishiwa saa nne usiku hachagui.

Anaanza na jeti. Kutoka kiwandani kubwa ina namba 98, ndogo ina 38. Kwa kabureta za namna hii namba hizo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.98 na milimita 0.38. Hapo ndipo mafundi wa haraka wanapoua kabureta bila kujua. Jeti ikiziba wanaichokoa kwa unyuzi wa waya wa breki. Chuma ni kigumu kuliko shaba. Kikipita mara kadhaa, 38 imeshakuwa namba nyingine isiyoandikwa popote, na hakuna skrubu itakayoirudisha. Mzee hutumia unyuzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa umeme wa nyumbani, shaba laini, anaupitisha na kuutoa kwa vidole viwili, kisha anaielekeza jeti kwenye mwanga. Hatafuti mwanga peke yake. Anatafuta duara. Tundu lenye pembe, hata dogo namna gani, linamfanya arudishe jeti kwenye kopo.

Namna anavyoirudisha jeti kwenye nyumba yake ndiyo iliyonifanya nianze kumtazama kwa makini. Haanzi kwa kukaza. Anaiweka juu ya uzi, anaizungusha kinyume, taratibu, kana kwamba anaifungua, mpaka inapodondoka kidogo sana na kutoa mlio usiosikika bali unaohisiwa kwenye ncha ya kidole. Huo ni mwanzo wa uzi kukutana na mwanzo wa uzi mwenzake. Hapo ndipo anapogeuza mwelekeo. Jeti inaingia kwa vidole tu, bila ukinzani, mpaka inagota. Ikikataa katikati ya safari hailazimishi. Anaitoa na kuanza upya, kwa sababu shaba iliyopanda uzi kombo itaikata aloi, na aloi ikishakatwa kabureta hiyo ni chuma chakavu. Baada ya kugota ndipo bisibisi inaingia, nayo si bisibisi yoyote. Ana bapa tatu alizozipiga tupa mwenyewe ili ziujaze mfereji wa jeti kwa upana na kwa unene. Anaigeuza robo ya mzunguko. Basi.

“Kaza, Babu, isije ikalegea njiani,” mjukuu alimwambia siku moja, akiwa ameshika tochi ya simu.

“Kaza mfuko wako,” mzee akamjibu bila kuinua macho. “Hii imeshakaa.”

Kijana alicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Karibu kila kitu kingine kwenye pikipiki kinapenda nguvu: nati ya ekseli, bolti za injini, stendi. Anayezoea hivyo akija kwenye kabureta anakuja na bega. Mzee anakaza kwa kifundo cha mkono, na mara nyingi kwa vidole tu, bisibisi ikiwa imeshikwa juu kabisa ili mtu asiweze kuilemea hata akitaka. Nimeona mafundi wenye sifa kubwa mjini wasioijua mbinu hiyo ndogo ya mahali pa kushika.

Skrubu ya hewa ndiyo inayofuata, na ningependa kukaa hapa kidogo. Ni skrubu nyembamba yenye ncha kali, inayotawala mchanganyiko wakati injini iko kwenye sailensi na mwanzo wa kupandisha mwendo. Nyuma ya ncha hiyo huvaa vitu vitatu: springi, washa ndogo sana, na oringi ambayo ikidondoka mchangani mtu anaweza kuitafuta mpaka adhana ya jioni. Utaratibu wake ni mmoja. Oringi inatangulia chini ya tundu, washa inakaa juu yake, springi juu ya washa, kisha kichwa cha skrubu kinavibana vyote. Ukiweka springi moja kwa moja juu ya oringi, koili itaitafuna na hewa itaanza kujipenyeza pasipo na ruhusa. Injini itapanda na kushuka kwenye sailensi, na utalaumu plagi. Ukiisahau washa, ni vilevile. Kabureta nyingi “mbovu” zinazotupwa zina kosa la namna hii tu: kilichokosekana ni kipande kidogo kilichobaki kwenye tundu au kwenye gunia la mtu aliyeifungua kabla.

Mzee anavivisha vitu hivyo kwenye skrubu yenyewe nje, springi, washa, oringi, anaipaka oringi tone la oili kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, halafu anaiingiza kabureta ikiwa imegeuzwa ili uzito wenyewe usivishushe kabla ya wakati. Anaikaza mpaka iguse, na neno ni iguse. Ncha hiyo ikibanwa kwa nguvu hujichonga pete, au hukatikia ndani ya tundu lake, na ikikatikia humo hakuna atakayeitoa nyumbani. Ikishagusa anairudisha nyuma akihesabu kwa sauti: moja, moja na nusu. Idadi aliiandika kwa kalamu ya risasi kwenye boksi la kiberiti kabla ya kuifungua. Mpango wa kiwandani mara nyingi huwa kati ya mizunguko moja na nusu na miwili na nusu, lakini kiwandani si Mbeya, tutafika huko. Na kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu: skrubu hii ikiwa upande wa klina inapitisha hewa, hivyo kuilegeza kunapunguza mafuta, ikiwa upande wa injini inapitisha mafuta, na kuilegeza kunayaongeza. Kwa jina wote huiita ya hewa. Ya pikipiki hii iko upande wa injini.

Kisha boya, ambalo vijiweni huitwa floti. Boya linaelea kwenye petroli ya kikombe, linainuka, linasukuma pini yenye ncha ya mpira, pini inaziba njia ya mafuta kutoka kwenye tangi. Injini ikinywa, boya linashuka, pini inaachia. Ni koki inayojifunga na kujifungua yenyewe maelfu ya mara kwa siku, juu ya barabara ya mawe, na haina adjasta ya nje. Ncha ya pini ikiwa na pete iliyochorwa kwa kukaa miaka mahali pamoja, petroli itapita usiku kucha kupitia bomba la ziada, na asubuhi chini ya pikipiki pana doa.

Mzee anaining’iniza pini kwenye ulimi wa boya, anavishusha vyote viwili kwa pamoja mpaka pini iingie nyumbani kwake, kisha anapitisha kijiti cha bawaba. Kijiti hicho kina upande mmoja wenye kichwa kilichobonyezwa kidogo, kinaingia kwa upande mmoja tu, na nguzo zake mbili za aloi huvunjika ukizipiga nyundo. Anakisukuma kwa kidole gumba. Halafu anafanya kile ambacho mafundi wa vijiweni hawakifanyi, kwa kuwa kinakula dakika tano na mteja haioni thamani yake. Anachomeka mpira mwembamba kwenye mdomo wa kuingizia mafuta, upande wa pili anachomeka bomba la sindano lisilo na sindano, lililonunuliwa duka la dawa. Kabureta ikiwa imepinduliwa, uzito wa boya unaibana pini, na bomba la sindano halipaswi kusukumika. Akiigeuza wima, boya linaanguka na hewa inapita bila pingamizi. Anarudia, pindu, wima, pindu. Mara moja niliona bomba likisogea taratibu mno kabureta ikiwa imepinduliwa. Hakusema kitu. Alichomoa kijiti, akaitoa pini, akaiangalia ncha yake chini ya miwani, akaiweka upande wa pili wa sinia na kumtuma mjukuu dukani.

Kikombe kinafungwa kwa gasketi ya mpira inayolala kwenye mfereji. Gasketi ya zamani iliyokunywa petroli huvimba, ikawa ndefu kuliko mfereji wake. Kuilazimisha ni kutafuta kuvuja, na kuipaka silikoni ni dhambi kubwa zaidi, kwa kuwa silikoni huachana vipande vipande ndani ya petroli na kwenda kuziba jeti uliyoihangaikia. Mzee huiacha iliyovimba juani nusu siku, mara nyingi hunywea na kurudi kwenye umbo lake. Skrubu za kikombe anazikaza kwa kukatiza, moja huku, moja kule, kila moja kidogo kidogo. Kwa kabureta za Kijapani ana bisibisi nyota ya peke yake, kwa kuwa msalaba wa skrubu za Japani hauko sawasawa na ule wa kawaida, na bisibisi ya kawaida huruka na kukiharibu kichwa. Hilo alilijua tangu zamani, nami sikumuuliza wapi.

Sehemu inayobaki inataka mikono mitatu, naye ana miwili na haombi wa tatu. Slaidi ni ile pistoni ndogo inayopanda na kushuka unapovuta mafuta, na chini yake inatoka sindano ndefu inayochongoka, ambayo ndiyo mtawala wa mafuta kati ya robo na robo tatu ya mkono wa eksileta. Kichwani sindano ina mifereji mitano, na klipu ndogo inakaa kwenye mmojawapo. Klipu ikipandishwa mfereji mmoja juu, sindano inashuka zaidi ndani ya tundu lake na mafuta yanapungua. Ikishushwa, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Kutoka kiwandani klipu huja katikati.

Hapa ndipo Mbeya inapoingia. Mji huu uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli karibu na ilivyozoea huko chini, kwa hewa ambayo haipo, na matokeo yake ni plagi nyeusi, moshi kidogo, pikipiki nzito mlimani na tangi linaloisha mapema. Pikipiki zinazoshushwa kwenye mabasi kutoka pwani hupata ugonjwa huo wote kwa pamoja, na wenyewe huambiwa wabadilishe pete za pistoni. Mzee ameshusha jeti kubwa kutoka 98 hadi 95, na klipu ameipandisha mfereji mmoja. Mabadiliko ya sehemu tatu za mia za milimita, na kipande cha waya kilichosogea chini ya milimita moja.

Waya wa eksileta unapita kwenye kofia ya juu, katikati ya springi, na kichwa chake cha risasi lazima kikae kwenye tundu la slaidi. Springi inasukuma, waya unateleza, klipu ya sindano inataka kuruka. Kwa mkono wa kushoto anaibana springi yote dhidi ya kofia mpaka waya unachomoza, anaukamata kwa kidole gumba, na kwa mkono wa kulia anaileta slaidi kutoka ubavuni, kichwa kinaingia, anaachia springi pole pole. Sasa slaidi. Upande wake mmoja umekatwa mshazari, na huo unaangalia klina. Ubavuni pana mfereji mrefu unaopaswa kupanda juu ya kijiti kidogo ndani ya mwili wa kabureta. Ukigeuza, slaidi itaingia nusu na kukwama, na injini ikiwaka itapiga mayowe mpaka mtu aikate moto. Kwa hiyo hafungi kofia kwanza. Anaishusha kwa uzito wake tu, akiizungusha kidogo, mpaka ijipe yenyewe. Akishakaza kofia anavuta eksileta na kuiachia ghafla, akiwa ameinamisha sikio. Lazima isikike “tak” kavu ya slaidi kugonga chini. Ikisikika laini, anafungua tena.

Kuirudisha kwenye injini ni kazi fupi, isipokuwa kwa jambo moja: kipande cheusi cha bekilaiti kinachokaa kati ya kabureta na manifodi, kinachozuia joto la injini lisichemshe petroli. Kina oringi pande zake. Nati mbili zikikazwa bila kulingana, kipande kinapinda, hewa inaingia pembeni, na kazi yote ya sinia inakuwa bure. Kwa nati hizo anatumia spana fupi kabisa aliyonayo.

Wapo watakaoniuliza kwa nini mtu apoteze jioni nzima wakati kabureta mpya ya Kichina inauzwa bei ambayo bodaboda wa mjini anaipata kwa siku chache. Swali ni zuri, na zipo kabureta ambazo hata mzee huzihukumu kwenda kwenye vyuma chakavu. Lakini mpya nayo inatoka kwenye boksi ikiwa na jeti zisizojua itafungwa wapi, skrubu ya hewa iliyokazwa na mtu mwenye haraka, na mara nyingi vumbi la chuma kwenye njia zake. Inahitaji mkono uleule. Anayeijua kazi hii hufungua hata mpya kabla ya kuifunga, na asiyeijua atabadilisha tatu na bado plagi itakuwa nyeusi. Najua pia kwamba siku za kifaa hiki zinahesabika. India ililazimisha viwango vya BS6 kuanzia Aprili 2020 na pikipiki zake nyingi zikahamia kwenye nozeli na kompyuta, na pikipiki za umeme zinaingia mijini mwetu mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, zilizopo barabarani ni mamilioni, na nyingi zitabeba abiria kwa miaka mingi ijayo zikivuta pumzi kupitia tundu lililonyooshwa kwa unyuzi wa shaba.

Kurekebisha kunafanyika injini ikiwa ya moto, kamwe si ya baridi. Juni hapa kwetu asubuhi bila choki haiwaki, na kuisikiliza wakati huo ni kusikiliza baridi. Mzee anapandisha kwanza skrubu ya sailensi ili injini isizime, kisha anaishika ile ya hewa na kuisogeza kidogo kidogo mpaka mzunguko unapokuwa wa juu na uliotulia kabisa. Anapita kidogo mpaka anasikia ikianza kulegea, anarudi alikotoka. Kisha anashusha sailensi. Anarudia tena, kwa sababu kila moja inaigusa nyingine. Haangalii kipimo chochote. Ameshika tangi kwa kiganja cha kushoto, na nadhani anasikia kwa kiganja hicho zaidi ya sikio. Mwishowe anavuta eksileta kwa ghafla. Ikikohoa, kuna hewa nyingi. Ikisita kisha ikapanda nzito, ni mafuta. Isipofanya lolote kati ya hayo, anaiacha na kunawa mikono kwa sabuni ya unga.

Jaribio la kweli ni barabara ya Chunya, inayouacha mji na kupanda Milima ya Mbeya mpaka zaidi ya mita 2,000. Mjukuu alipewa maagizo: panda ukiwa umeivuta kwa nguvu, gia ya tatu, ukifika kwenye kona ya juu bana klachi na uzime palepale, usiiache ikanguruma kwenye sailensi, maana sailensi itaipaka plagi rangi nyingine. Alirudi baada ya saa moja akiwa na plagi mfukoni ameifunga kwenye risiti. Mzee aliigeuza chini ya taa. Mdomo wa ndani ulikuwa wa kahawia hafifu, ukingo ukiwa na kivuli cha masizi.

“Mjini iko sawa,” alisema. “Kule juu bado inakula. Tushushe jeti mpaka 92.”

“Babu, abiria wa Chunya napata mmoja kwa mwezi.”

Mzee alifikiri kidogo. “Basi iache,” akasema, akanyoosha mkono apewe spana ya plagi.